Uzoefu wangu na tramu za Brussels, na sehemu ninazowapeleka wageni wangu

Naishi Brussels miaka mingi sasa na kiangazi hakipiti bila mgeni kutoka Dar au Nairobi, na wote wanakuja na orodha ileile, Grand-Place (uwanja mkuu wa katikati ya mji), sanamu ya yule mtoto anayekojoa (Manneken Pis), jengo la Atomium, wafo (waffle), chokoleti, wanamaliza siku moja halafu jioni wanakaa kwenye kochi langu wananiuliza aisee ndo mji wote huu? Jibu langu ni hapana, ila umeutembelea kwa miguu katikati tu, na katikati ndo sehemu ya kupita haraka. Kwa hiyo hii naandika kuhusu usafiri wa mji, yaani tramu, metro na mabasi ya STIB (kwa Kiflemi wanaandika MIVB, kampuni ni moja), maana kwa mtazamo wangu hakuna hela utakayotoa hapa ikakulipa vizuri kama hiyo. Nyota nne kwa tano.

Malipo kwanza kwa sababu ndo watu wanakwama. Huhitaji kupanga foleni ya tiketi, unagusisha kadi ya benki au simu kwenye kale kamashine ukipanda, safari moja ni euro mbili na senti zake, na ukishafika kiwango fulani kwa siku haikukati tena hata upande mpaka usiku. Ila sikiliza, tumia kitu kilekile siku nzima, ukigusa simu asubuhi na kadi jioni mashine inakuona watu wawili hata kama benki ni ileile. Na ukibadilisha gari gusa tena, ndani ya saa moja hulipi upya lakini usipogusa na wakaguzi wakaingia, faini yake utaikumbuka mpaka umerudi kwenu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya migomo. Sio kosa la kampuni peke yake, Ubelgiji vyama vya wafanyakazi vikiitisha mgomo wa taifa, tramu zinabaki chache na treni nazo hivyohivyo, mwaka 2025 kuna siku za mgomo ambazo ndege za abiria hazikuruka kabisa kutoka Zaventem, uwanja wa ndege wa Brussels. Huwa zinatangazwa mapema, so kabla hujakata tiketi angalia tarehe.

Halafu majina. Stesheni nyingi zina majina mawili, la Kifaransa na la Kiflemi, Midi ndo Zuid, Arts-Loi ndo Kunst-Wet, na ukipanda treni kwenda mikoani Liège inakuwa Luik na Mons inakuwa Bergen, unaweza kutafuta Mons kwenye ubao kumbe imeandikwa Bergen. Na kama unaenda Grand-Place shuka Central, sio Midi. Midi ni kubwa na treni za Paris na London zinasimama pale lakini ni mbali kidogo, na wezi wa mifukoni wanapapenda, begi lishike mbele. (Sokoni Midi Jumapili asubuhi ni kitu kingine, nenda, matunda, mizeituni, viungo, kelele, utajisikia uko Kariakoo.)

Sasa nikiambiwa nichague safari moja tu, ni tramu namba 44. Unachukua metro ya mstari wa 1 mpaka Montgomery, 44 iko palepale chini, inapanda barabara pana yenye miti, inapita mabwawa ya Woluwe, halafu ghafla mko msituni kabisa, msitu kwelikweli, tramu inakata katikati ya miti mirefu mpaka Tervuren. Kaa kulia au kushoto haijalishi. Wageni wangu wengi wanaipenda hii kuliko Atomium, na bei ni ileile ya kwenda kununua mkate.

Mwisho wa 44 unatembea kidogo unafika jumba la makumbusho la Afrika, na hapa nisiharakishe. Lilianzia kwenye maonyesho ya mwaka 1897, mfalme wa Ubelgiji Leopold II alileta Wakongo 267 wakawekwa kwenye vijiji vya maigizo kwenye bustani ya Tervuren watu waje kuwaangalia, 7 wakafia hukuhuku, makaburi yao yako kanisani hapo mjini Tervuren, watu wengi wanapita bila kujua, wewe usipite. Jumba lilifungwa miaka mitano kufanyiwa matengenezo likafunguliwa Desemba 2018, na ndani bado utakuta masanamu ya dhahabu ya kumsifu mkoloni kwa sababu jengo linalindwa kisheria hayawezi kung'olewa, sasa wamemweka msanii Mkongo, Aimé Mpane, sanamu lake kubwa la kichwa limesimama katikati linatazamana nayo. Kuna ukuta una majina ya Wabelgiji 1,508 waliofia Kongo, msanii mwingine Mkongo, Freddy Tsimba, akaandika majina ya wale Wakongo saba kwenye vioo vya madirisha, jua likiwaka vivuli vyake vinaangukia juu ya majina ya Wabelgiji. Mi nimesimama pale na jamaa yangu wa Bukavu hakuna aliyeongea.

Na Mtanzania usidhani hayakuhusu. Storms, yule mwanajeshi wa Kibelgiji ambaye watu wake walimuua chifu Lusinga mwaka 1884, naye akasafirisha fuvu la chifu mpaka Brussels, kituo chake kilikuwa Karema, Karema hii yetu ya Katavi, kando ya Ziwa Tanganyika. Sanamu lake la shaba lilikuwa kwenye bustani ya Square de Meeûs hapa Ixelles, liliondolewa 2022. Ni dakika chache kutoka Bunge la Ulaya, ambalo pia lina jumba lake la bure la wageni, Parlamentarium, zuri tu siku ya mvua.

Ukitoka Tervuren una njaa, nenda Matongé, unashuka Porte de Namur, metro 2 au 6. Mtaa umechukua jina la Matonge ya Kinshasa na ukitoka nje unakutana na uwanja wa Patrice Lumumba, uliofunguliwa 30 Juni 2018. Kilingala na Kifaransa ndo vinatawala lakini tega sikio, watu wa Goma, Lubumbashi, Bujumbura wapo, toa salamu ya Kiswahili tu utajibiwa. Pondu (kisamvu), makayabu (samaki wa chumvi), ndizi za kukaanga, chikwangue (mkate wa muhogo), sahani inashibisha wawili. Akina dada, mtavutwa mkono na watu wa saluni tangu mlangoni, bei mpatane kabla ya kukaa kwenye kiti, na Jumamosi mjue ni ya kushinda pale mpaka jioni.

Chipsi. Waislamu hili muhimu, chipsi za Kibelgiji za asili zinakaangwa mara mbili kwenye mafuta ya ng'ombe, na huyo ng'ombe kwa kawaida sio wa kuchinjwa halali, kwa hiyo uliza kabla, kuna vibanda vinatumia mafuta ya mimea. Asiye na shida hiyo aende Maison Antoine pale Place Jourdan, foleni ipo ila inakwenda, halafu na pakiti yako unakaa kwenye baa za jirani, zinaruhusu, nunua kinywaji tu. Wafo lenye rundo la krimu na stroberi pembeni ya Grand-Place ni la kupigia picha, la kula ni lile la Liège lenye sukari ya mawe, la moto, bila kitu juu.

Yule mtoto anayekojoa ni nusu mita hivi, na anayesimama nje tangu 1965 ni nakala, wa kweli yuko ndani ya makumbusho ya mji. Grand-Place yenyewe nenda usiku, taa zikiwashwa, saa nne au tano watu wamepungua. Ukibahatika kuja Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili unakuta wamelitandika zulia la maua.

Makumbusho mengi yanafungwa Jumatatu, Tervuren pia, kwa hiyo siku hiyo weka soko la vitu vya mitumba pale Place du Jeu de Balle, linakuwepo kila siku, asubuhi ndo kuna vitu. Na kama tiketi yako ya ndege imeandikwa Charleroi, hiyo sio Brussels, ni zaidi ya kilomita 50, nauli ya basi iingize kwenye hesabu kabla hujasema umepata ya bei chee.