Mtepe wa Kushona, Ramani ya Vipande na Mlango wa Nakshi: Tathmini ya Karakana ya Leza Mjini Bagamoyo

Karakana ninayoizungumzia iko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, katika nyumba ya kawaida ya kuishi ambayo chumba chake cha mbele kimegeuzwa kuwa mahali pa kazi. Haina kibao barabarani, na wengi wanaifahamu kwa picha zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp. Kazi yake ni kutengeneza mafumbo ya vipande (picha iliyokatwa vipande vya kupangwa upya) na mifano ya mbao kwa mashine ya leza, yaani mwali mkali wa mwanga unaokata kwa kuunguza, yote kwa oda: mteja anapeleka picha, mchoro au maelezo ya mdomo, fundi anachora upya kwenye kompyuta, na mashine inakata kwa kufuata mchoro huo. Niliagiza vitu vitatu, viwili kwa ajili ya darasa langu na kimoja kwa ajili ya sebule. Mtepe wao wa mfano ni kazi bora, ramani yao ya vipande ni nzuri na inastahili bei yake, na mlango wao wa nakshi sikuuridhia. Kazi zote tatu zilitoka katika mashine ileile na mikono ileile, na tofauti yake naiona katika jambo moja: leza ina uwezo wa ajabu wa kutoboa na kukata viungo vinavyokutana sawasawa, lakini haina uwezo wa kuchonga.

Nianze na mtepe, kwa kuwa ndio ulionifanya niandike. Mtepe ulikuwa chombo cha pwani yetu kilichoshonwa. Mbao zake ziliunganishwa ukingo kwa ukingo kwa kamba za makumbi na vigingi vya mti, bila misumari ya chuma, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Vyombo hivyo viliundwa zaidi upande wa Lamu na visiwa vyake, vikabeba boriti na bidhaa nyingine katika bandari za pwani, kisha vikatoweka katika karne ya 20. Mtoto wa Bagamoyo akiteremka ufukweni leo ataona ngalawa, mashua na majahazi, lakini mtepe atauona katika mfano tu, na mifano mingi niliyowahi kuiona ni ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, na mishono imechorwa juu yake kwa rangi.

Mtepe wa karakana hii unashonwa kweli. Ndani ya boksi mnunuzi anapata mbao za ubavu zilizokwisha kukatwa, kila moja ina mstari wa matundu pembezoni, na tundu la ubao wa juu linaelekeana na tundu la ubao wa chini hata pale chombo kinapojipinda kuelekea omo, yaani sehemu yake ya mbele. Hapa ndipo leza inapofanya ambacho keekee ya fundi isingefanya kwa urahisi. Ncha ya keekee inasukuma na kuzungusha, na ubao mwembamba hupasuka au kuchanika upande wa pili. Mwali wa leza haugusi mbao kwa nguvu yoyote, unaunguza tu mahali unapoelekezwa, hivyo matundu yanaweza kukaribiana na ukingo bila ubao kupasuka. Kasoro yake ni masizi. Uzi mweupe ukipita katika matundu hayo unatoka na rangi ya makaa, na ndiyo maana boksi lina uzi wa pamba wa rangi ya kahawia. Uzi huo pia umefanana na makumbi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kamba halisi ya makumbi ni nene mno kwa chombo cha urefu wa mkono.

Kilichonipendeza zaidi ni mpangilio wa uundaji. Mafundi wa vyombo vya kushonwa walianza na ganda: walishona mbao kwanza, kisha wakaingiza mataruma, yaani mbavu za chombo, ndani. Mifano mingi ya kisasa hufanya kinyume, inasimamisha mataruma juu ya mkuku (uti wa mgongo wa chombo, chini kabisa) halafu inayavika mbao, kwa kuwa ndivyo ilivyo rahisi. Fundi wa karakana hii amekata viunzi vya muda vya plaiwudi vinavyochomekwa kwenye mkuku ili kushikilia umbo. Ukimaliza kushona unavichomoa, ndipo unapoweka mataruma yenyewe. Wanafunzi wangu walioushona mtepe huo walielewa kwa vidole vyao kwamba nguvu ya chombo cha namna hiyo iko katika ganda lake, jambo ambalo ningelieleza ubaoni muhula mzima bila mafanikio kama hayo.

Mbao za ubavu zimekatwa katika vipande vyembamba vya mtiki, na uzi wa mti, yaani mistari ya asili ya ubao, umeachwa uende kwa urefu, ili ubao ulowekwe katika maji ya uvuguvugu na kupindwa bila kukatika. Fundi alikataa kutumia plaiwudi kwa sehemu hiyo, na alikuwa na haki. Plaiwudi imetengenezwa kwa tabaka zinazokingamana, na hilo linaifanya itulie lakini ikatae kupinda. Tena gundi ya plaiwudi ya bei nafuu hulegea ikilowa. Mkuku na viunzi, ambavyo havihitaji kupinda, ni vya plaiwudi.

Ningependa msomaji anayefikiria kuagiza popote, awe Bagamoyo au kwingine, azingatie suala la vipimo, kwa sababu ndilo linalotenganisha karakana makini na karakana yenye mashine tu. Plaiwudi inayouzwa kwa jina la milimita 3 mara nyingi haina milimita 3 kamili. Karatasi moja inaweza kuwa 2.8 na nyingine 3.1. Mwali nao unakula mbao kiasi, tuseme milimita 0.15, kwa hiyo mwanya uliochorwa kwa upana wa 3 utatoka na 3.15. Ukichomeka ndani yake ubao wa 2.8, kiungo kinalegea, na kwa kuwa mkuku una viungo vingi, kulegea kidogo kwa kila kimoja kunatosha kuupotosha mwili mzima wa chombo. Nilimwona fundi huyu akipima unene wa kila karatasi kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, katika pembe zake zote, akakata kipande kidogo cha majaribio, akakichomeka, ndipo akarekebisha mchoro. Viunzi vya mtepe wangu viliingia kwa kusukumwa na dole gumba na vikabaki vimesimama bila gundi.

Ramani ya vipande ni ya mikoa ya Tanzania, imekatwa kwa kufuata mipaka. Wazo lenyewe ni la zamani sana: katika miaka ya 1760 John Spilsbury wa London alikuwa akibandika ramani juu ya ubao na kuukata mipakani ili watoto wajifunze jiografia. Mipaka ya kweli, hata hivyo, haina vichwa na mashimo ya kushikana kama mafumbo ya kawaida, na vipande visivyoshikana huteleza. Karakana imelitatua hilo kwa kutengeneza trei yenye kingo, na vipande vinakaa ndani yake vikibanana vyenyewe kwa vyenyewe. Ugumu mwingine ulikuwa wa ukubwa. Katika ramani yenye upana wa sentimita 60, mkoa wa Dar es Salaam unabaki kipande cha sentimita mbili hivi, na mikoa mitano ya Zanzibar inakuwa vipande vidogo vya kupotea siku ya kwanza. Fundi alipendekeza Unguja na Pemba zikuzwe katika kisanduku pembeni, pamoja na Dar es Salaam, na nakubaliana naye. Hata hivyo vipo vipande vidogo kuliko ninavyopenda, na nisingeliacha fumbo hili mbele ya mtoto wa chini ya miaka mitatu. Majina ya mikoa yameunguzwa kwa herufi safi zinazosomeka, na rangi ya kahawia ya herufi haifutiki kwa kushikwashikwa na mikono mingi.

Mlango wa nakshi ni habari nyingine. Niliutaka kama fumbo la kutundika, mfano wa milango ya zamani ya Bagamoyo, wenye mfaa (ubao wa wima unaoziba mwanya kati ya mbao mbili za mlango) katikati na nakshi za mnyororo, samaki na maua. Mkato wa vipande ni wa busara, kwani samaki mmoja mzima ni kipande kimoja, na ukiupanga unaujua mlango kwa nakshi zake. Lakini nakshi zenyewe ni alama zilizounguzwa juu juu. Mchonga milango hushuka na patasi mpaka nakshi iwe na kina na kivuli, ukisimama pembeni asubuhi inaonekana tofauti na jioni. Alama ya leza inaonekana vilevile wakati wote. Mashine inaweza kulazimishwa ishuke zaidi kwa kupita mara nyingi, ila hapo inaacha bonde la makaa linalohitaji kusafishwa kwa brashi, na ncha za maua zinakatika. Kwa fedha ileile, na pengine ukiongeza kidogo, mji huu una wachonga wanaoweza kukupa kipande cha mlango kilichochongwa kwa mkono, na ningewapelekea wao kazi hiyo bila kusita.

Mlango huo ulikuwa pia na dosari ya umaliziaji. Ulipakwa vanishi upande wa mbele peke yake, na ilipofika masika, upande wa nyuma ulinyonya unyevu wa bahari ilhali wa mbele umezibwa, ubao ukajikunja na vipande vya katikati vikaanza kuchomoka. Karakana iliupokea bila ubishi, ikatengeneza mwingine na kuupaka pande zote mbili. Huo wa pili umetulia ukutani mpaka sasa.

Kuhusu usalama sina la kulalamikia. Mashine yao ni ya bomba la kaboni dioksidi. Mwali wake, wenye urefu wa wimbi wa maikromita 10.6, hauonekani kwa macho, na kwa sababu hiyo kifuniko hakifunguliwi wakati wa kazi. Moshi unavutwa na feni kwenda nje kwa bomba lililopandishwa juu ya paa. Nilishuhudia mteja akiombwa aondoke na kipande cha plastiki ya PVC alichotaka kichorwe jina. Fundi alimweleza kwa upole, "Samahani mama, hii ikiungua inatoa hewa ya sumu, na mashine nayo italiwa na kutu." Hiyo ni kweli, kwa kuwa PVC ina klorini, na ningeogopa karakana yoyote inayoipokea.

Mtepe niliununua kwa Sh 85,000, ramani Sh 60,000 na mlango Sh 70,000. Nusu ya malipo hutangulia kwa simu na iliyobaki hulipwa wakati wa kuchukua. Muda wanaoahidi huzingatiwa, isipokuwa umeme ukikatika katikati ya kazi, maana karatasi iliyoishia njiani mara nyingi huanzwa upya. Maelekezo ya kushona mtepe yameandikwa kwa Kiswahili kizuri, lakini michoro yake ni midogo na hatua ya kufunga ubao wa kwanza kwenye mkuku haieleweki. Nimewaomba waichore kwa ukubwa wa ukurasa mzima. Anayeagiza aeleze kitu kitakaa wapi, adai vanishi pande zote mbili, na kama ni mtepe, aombe uzi wa ziada, kwani uliomo ndani ya boksi unatosha kwa fundi asiyekosea mshono, wala si kwa watoto wanaojifunza.