Vogue Italia ya Julai 2008: jalada nimelipenda, sasa njoo tutazame matangazo

Habari zenu wapendwa, karibuni. Hili nililoshika ni jarida la mitindo la Vogue Italia, toleo la Julai 2008, lile la wanamitindo weusi. Nimelipata mtumba. Gundi ya mgongoni imeanza kuachia, lakini rangi bado zinang'aa.

Majalada yalikuwa manne: Naomi Campbell, Jourdan Dunn, Sessilee Lopez na Liya Kebede wa Ethiopia. Langu ni la Liya, na kwa kweli nililitazama muda mrefu kabla ya kulifungua. Mhariri, marehemu Franca Sozzani, alichoshwa na majukwaa ya mitindo yaliyojaa wasichana weupe wanaofanana, akampa Steven Meisel kazi ya kupiga picha. Nakala zikaisha Marekani na Uingereza, ikabidi lichapwe tena. Na tulikuwa tunaambiwa mwanamke mweusi akikaa jaladani jarida haliuzi!

Ndani yumo mwanamitindo Iman, na hapa lazima nisimame kidogo. Iman ni Msomali, binti wa balozi. Mwaka 1975 alikuwa anasoma Chuo Kikuu cha Nairobi, mpiga picha Peter Beard akamwona barabarani, mjini kabisa. Kufika New York, waandishi wakaambiwa kwamba alimkuta porini akichunga mifugo. Jamani, kuchunga si aibu, bibi yangu amechunga mbuzi maisha yake yote. Kinachoniuma ni kwamba msichana msomi, anayezungumza lugha kadhaa, alifutwa ili ipatikane ile Afrika waliyoizoea wasomaji wa kule.

Haya, sasa matangazo. Manukato, mikoba, saa... nafunua polepole muone wenyewe. Karibu wote ni wanawake weupe, ndani ya toleo hilihili! Binti yangu ana miaka 11, alilianza mwanzo akaniuliza, "Mama, mbona yule wa nje simwoni?" Picha za mitindo anazipanga mhariri, lakini tangazo linaletwa na mwenye bidhaa, na jarida linaishi kwa hela yake.

Toleo moja halikumaliza kazi. Novemba 2017, Grazia ya Uingereza ilimweka Lupita Nyong'o wetu jaladani, nywele zake za asili zimelainishwa, na zile alizozifunga kisogoni zimeondolewa kwa kompyuta. Lupita akazianika picha halisi mtandaoni. Jarida likaomba radhi, mpiga picha naye vilevile.

Je, ununue? Kwa picha za Meisel, nunua, na ulitunze. Kama ni la kumpa mtoto wa kike, kaeni nalo pamoja, muanze na matangazo. Lenye jalada la Naomi bado nalitafuta. Ukiwa nalo na unaliuza, niandikie hapo chini.