Chati ya Mita 4.6: Vipindi vya Dunia kwa Vipimo Vyake

Haya jamani, karibuni tena! Leo nina chati mpya ya vipindi vya historia ya Dunia; meza haikutosha, nimeitandaza sakafuni. Mita 4.6, na kila milimita ni miaka milioni moja. Majina ya vipindi sitayasoma, mnayajua, na wageni wataikuta video ya wiki jana hapa kwenye chaneli.

Nifuateni. Naanzia huku chini, Dunia inapozaliwa, maana tabaka kongwe za miamba hukaa chini. Natembea... natembea... Mita ya tatu, Kambria, kongwe kati ya vipindi 12 tunavyovitafuta, bado. Mita ya nne, bado! Hii hapa sasa: sentimita 54 tu kabla ya kufika juu. Vipindi vyote 12, Kambria hadi Kwaternari, vimebanana humu. Ile chati niliyoichambua mwezi uliopita ilivipa vyote visanduku vya ukubwa mmoja, Siluria ya miaka milioni 24 hivi ikalingana na Kretasia ya zaidi ya milioni 75. Mwanafunzi anapotoshwa kabisa, na bado inaniudhi.

Nasogeza kamera. Hapa, sentimita 6.6 kutoka juu, Kretasia inafungwa, na dinosauri nao wanaishia hapo, ukiwaacha ndege. Sasa Kwaternari, kipindi chetu: milimita 2.6. Naweka ukucha wa kidole cha mwisho... umekifunika chote! Binadamu wa aina yetu, miaka laki tatu hivi, hawafiki hata nusu milimita. Mstari wenyewe wa wino ni mnene kuliko sisi.

Halafu kipindi cha Ordovisia, waliochora chati wameiweka sawasawa, kati ya Kambria na Siluria. Tabaka za miamba ya kipindi hicho, mwanajiolojia Sedgwick alizivutia Kambria, mwenzake Murchison akazivutia Siluria, ugomvi wa miaka, mpaka mwanajiolojia Lapworth akazipa jina hilo la Ordovisia mwaka 1879.

Kinachonikera ni hiki hapa juu: wameandika "Tershiari", jina la zamani la muda kati ya Kretasia na Kwaternari. Jina hilo halimo tena kwenye chati ya kimataifa. Tunasema Paleojeni, kisha Neojeni. Chati mpya kabisa, jamani! Nilipoliona nilitaka kuirudisha. Lakini baada ya kuitembea mara tano, hapana, siirudishi. Nimekata karatasi, nimebandika majina sahihi juu yake.

Jumamosi tuko mubashara, tutasimama sentimita 25.2 kutoka juu, Permia inapokutana na Triasiki, tuone aina ngapi za viumbe wa baharini zilitoweka hapo, hazikuvuka. Washeni kengele, na mje na rula.