African Storybook kwa Kiswahili: hadithi za bure za kusoma na mtoto

Mzazi au mwalimu wa chekechea wa hapa Dar es Salaam anayetafuta hadithi za kumsomea mtoto wa miaka 3 hadi 7, bila kununua kitabu kimoja kimoja, aanzie African Storybook. Ni mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, ulioanza kutoa hadithi mtandaoni mwaka 2014, na za Kiswahili zimo nyingi. Kusoma ni bure, kupakua ni bure, na ukishapakua kwenye simu huhitaji bando tena. Leseni inakuruhusu kuchapa na hata kubadilisha maneno, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Ruhusa hiyo ya kubadilisha ndiyo tunayoisifu zaidi, maana hadithi nyingi zinahitaji mkono wako kabla hazijamfikia mtoto.

Tatizo kubwa liko kwenye ngazi za ugumu wa hadithi. Zipo 5, kuanzia neno moja au sentensi fupi kwa ukurasa hadi masimulizi marefu ya kusomewa na mtu mzima. Kipimo chake ni wingi wa maneno, na kwa kipimo hicho Kiswahili kinapunjika. "Sitampelekea" inahesabiwa neno moja, kumbe ina silabi 7: si-ta-m-pe-le-ke-a. Hadithi ikitafsiriwa kutoka Kiingereza, maneno ya ukurasa yanapungua huku kila neno likirefuka, kwa hiyo kitabu kinaonekana chepesi na mtoto aliyetoka juzi kwenye ba-be-bi-bo-bu anakwama mstari wa kwanza. Usiamini namba ya ngazi peke yake. Fungua kurasa 3 za katikati, tafuta neno refu kuliko yote, hesabu silabi zake. Kwa anayeanza kusoma mwenyewe, maneno mengi yakizidi silabi 4, iweke hadithi hiyo kwenye fungu la kusomewa.

Kiswahili chenyewe hakilingani, kwa sababu wafasiri ni wengi. Utakuta neno "matatu" pale mtoto wa Mbagala anapojua daladala, na "githeri" badala ya makande. Hayo si makosa, ni Kiswahili cha jirani zetu Kenya, na mtoto akielezwa anaongeza msamiati. Kinachotukera ni upatanisho uliovunjika: "mbwa yake", au "ndege inakula" wakati pichani ni ndege mwenye mabawa. Mtoto anayesomewa "mbwa yake" mara kumi ataisema. Soma hadithi yote kwa sauti ukiwa peke yako kwanza. Ulimi ukijikwaa, ndipo pa kurekebisha. Kwenye tovuti unafungua akaunti, unatengeneza toleo lako, unasahihisha na kulipakua. Mwenye haraka abandike kipande cha karatasi chenye maneno sahihi juu ya mstari.

Kusoma kwenyewe ndiko kunakomfanya mtoto akipende kitabu, na wengi wanaharibu usomaji huo kwa kugeuza hadithi kuwa mtihani. "Hii rangi gani? Hawa wangapi?" kila ukurasa, mpaka mtoto anaomba kwenda kucheza. Maswali 3 au 4 kwa hadithi nzima yanatosha. Mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake wa Marekani walichapisha mwaka 1988 utafiti wa usomaji wa namna hii, ambapo mzazi anauliza, anasikiliza, kisha anapanua jibu na mtoto anakuwa msimuliaji. Kwa vitendo ni hivi. Mtoto akisema "mbwa", mwambie, "Ndiyo, mbwa. Mbwa mweusi anamkimbiza kuku," kisha mwache alirudie kwa maneno yake. Ukiuliza, kaa kimya uhesabu moyoni hadi 5. Kimya hicho kinamtia mtu mzima wasiwasi, ila mtoto wa miaka 3 anakihitaji ili apange maneno.

Fungua kwa "Paukwa!" nao watoto waitikie "Pakawa!" Siku ya kwanza soma mfululizo wapate mkondo wa kisa. Siku ya pili chagua maneno yanayojirudia, pitisha kidole chini yake, na uwaachie neno la mwisho walimalizie wao. Siku ya tatu mpe mtoto kitabu akusimulie kwa picha, hata akibadilisha kisa. Usimsahihishe katikati. Dakika 10 zinawatosha wadogo, na kwa kijitabu cha nusu A4 usizidishe watoto 5, kwani wa sita haoni picha na ndiye atakayeanza fujo.

Tunashauri kuchapa kuliko kutumia simu, kwa sababu simu ikiita hadithi imekwisha. Chagua PDF ya muundo wa kijitabu na uitume steshenari kama dokyumenti, usipige picha ya skrini, maana herufi zitafifia. Kurasa 16 zinaingia kwenye karatasi 4 za A4. Mwambie mchapaji achape pande mbili kwa kugeuzia upande mfupi. Akigeuzia upande mrefu, upande mmoja wa kila karatasi utatoka kichwa chini. Ukichapa nyeusi na nyeupe ili kubana matumizi, chukua hadithi zenye michoro ya mistari, kwani picha za rangi nzito zinatoka madoa meusi. Pini za stepla zinapata kutu haraka kwa hewa yetu ya pwani na kuchafua karatasi. Toboa matundu 3 kwenye mkunjo, pitisha uzi kuanzia tundu la kati, funga fundo kwa ndani.

Anayetaka Kiswahili kilichokwisha kunyooshwa na wahariri atafute pia vitabu vilivyotolewa chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, au ampeleke mtoto sehemu ya watoto ya Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed.