Tovuti ya karakana yetu ya fanicha: nimejaribu njia nne, hii ndo nimebaki nayo

Naandika hii kwa yeyote mwenye karakana, awe seremala, mchomeleaji, fundi sofa au fundi aluminiamu, anayetaka tovuti ndogo tu ya kuonyesha kazi zake na watu wampate. Mimi niko na baba kwenye karakana ya fanicha Keko hapa Dar, yeye na mafundi wanne wako kwenye mbao, mimi niko kwenye oda, hela na simu. Wanaoijua Keko wanajua, ukitoka nje unakuta kitanda, kabati, meza, kitanda tena, kila hatua chache kuna mtu anapiga randa, kwahiyo mteja akishafika pale kukupata wewe ni bahati. Baba ndo aliyeanza kulisema hili, akaniambia mwanangu, mtu wa Mbezi siku hizi haji Keko kuzunguka na jua, anaangalia kwenye simu kwanza, na kwenye hiyo simu sisi hatupo.

Basi tukaanza. Imetuchukua zaidi ya miaka miwili na hela ambayo ingenunua mbao nyingi tu, ndo maana nataka nieleze yote.

Njia ya kwanza ilikuwa kumlipa mtu. Kijana mmoja tulielekezwa, akataka laki tatu na nusu, tukampa. Ndani ya wiki mbili tovuti ikawa hewani, nzuri kweli, picha zinapita zenyewe juu, rangi zimekaa vizuri. Tukachapisha bizinesi kadi zenye anuani ile na kirikuu yetu tukaiandika ubavuni kabisa. Mwaka ulipoisha tovuti ikazima. Kumpigia hapokei. Nikaenda kuangalia ile domeini imesajiliwa kwa nani, maana kuna sehemu za kuangalia bure unaandika tu jina la tovuti, nikakuta sio jina la baba wala la karakana, ni jina lake yeye na imeili yake yeye. Yaani jina la biashara yetu, lililoandikwa kwenye gari letu, halikuwa letu hata siku moja. Iliniuma sana na bado inaniuma, kwasababu baba aliamini na mimi ndo niliyemwambia tumlipe.

Hapo ndo nilipoelewa kwamba domeini na hosting ni vitu viwili. Domeini ni jina, kama kibao cha nje kinachosema karakana ya fulani. Hosting ni banda lenyewe ambamo vitu vimewekwa. Banda unaweza kuhama, leo upo kwa huyu kesho kwa yule, ila kibao ukishakipoteza wateja hawakuoni tena. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hata hujafikiria rangi wala picha, nenda mwenyewe kwa msajili wa domeini usajili jina kwa jina lako, imeili yako na namba yako ya simu. Kwa hapa Tanzania majina yanayoishia na .tz unanunua kupitia wasajili walioidhinishwa, .co.tz ndo ya biashara. Yetu ya sasa nalipa kama elfu thelathini hivi kwa mwaka, nalipa kwa simu, na tarehe ya kulipia nimeiandika ukutani pale pale tunapoandika oda.

Njia ya pili nikasema nafanya mwenyewe, kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti. Ngoja niweke sawa kitu kinachochanganya wengi maana na mimi kilinichanganya: WordPress ziko mbili. WordPress.com unafungua akaunti tu na wao ndo wanakutunzia kila kitu, ya bure inakupa anuani yenye neno wordpress ndani yake na matangazo yao. Halafu kuna ile programu yenyewe ambayo inapatikana WordPress.org, hii ni bure, unaichukua unaiweka kwenye hosting uliyoinunua wewe. Imekuwepo tangu 2003, mafundi wake wamejaa kila kona, mafunzo ya Kiswahili yapo mpaka YouTube, na kama unataka duka kamili la mtandaoni lenye malipo basi sina njia nyingine ya kukushauri. Nguvu yake ni kubwa na naiheshimu.

Ila sasa, nguvu hiyo nani anaitumia? Sisi tulihitaji kurasa tano. Mimi nikajikuta kila Jumamosi nafungua laptopu, apdeti ya programu, apdeti ya themu (ile inayopanga muonekano), apdeti ya plagini (vijiprogramu vya nyongeza) kumi na moja, na lazima uzifanye kwasababu plagini iliyozeeka ndo mlango wa wezi, na kabla ya apdeti unatakiwa uchukue bakapu. Mara mbili nilikosea nikaharibu muonekano wote. Nilikuwa nakaa na tovuti kuliko ninavyokaa na wateja na mwisho baba akaniuliza taratibu, hii kazi inatuletea nini?

Kingine nilichojifunza hapo ni picha, na hili litakuhusu hata ukitumia njia yoyote. Picha moja ya simu nzuri ya sasa hivi ina MB 4 hivi. Nilikuwa nimeweka ukurasa wa vitanda wenye picha 20, piga hesabu, ni kama MB 80 mtu anatakiwa azivute ili aone vitanda vyetu, na mtu huyo amejiunga bando la GB 1 la wiki. Hawezi. Anafunga anaenda kwa jirani. Nikazipunguza zote mpaka upana wa pikseli 1200, kila moja ikashuka kwenye KB 150 hivi, ukurasa mzima ukawa MB 3 na kwa jicho huoni tofauti yoyote, mpaka mistari ya mninga inaonekana. Programu za kupunguza picha ni za bure na zipo hata za simu. Piga picha mchana, nje, fanicha ikiwa imeshapigwa vanishi na imekauka, ondoa vumbi na mabaki ya mbao chini, alafu punguza ukubwa. Baada ya kufanya hivi ndo nikaanza kupata simu za watu wanaosema nimeona kabati lako.

Njia ya tatu, zile za kuburuta na kuachia. Wix ndo maarufu, na ziko nyingine nyingi, kwa kweli ndo rahisi kuliko zote kuanza nazo, unachagua mfano, unaburuta picha unaiacha pale unapotaka. Kwenye Wix ya bure anuani yako inakuwa na neno wixsite na tangazo lao linakaa kwenye ukurasa wako, ukitaka jina lako mwenyewe unalipia. Mimi nilijiunga na moja ya hizi, jina naliacha, nikalipia kwa kadi ya mtandaoni ya simu. Malipo ni ya dola, na dola ikipanda bei yako imepanda hata kama wao hawajabadilisha kitu. Mwaka wa pili kadi ilikuwa imeisha muda na mimi sina habari, tovuti ikarudi kwenye hali ya bure, jina letu likaondoka. Pia nilipotaka kuhama nikagundua huwezi kubeba ulichojenga kwenda nacho kwingine, unaondoka na picha na maneno tu, kujenga unaanza upya. Kama una kadi ya benki ya uhakika na mtu wa kufuatilia, ni njia nzuri. Kwa karakana kama yetu inayopokea hela kwa M-Pesa na mkononi, ilinipa presha.

Katikati hapo nilijifunza HTML kidogo, ile lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, nikajaribu GitHub Pages, sehemu ya kuweka kurasa ulizoandika mwenyewe, ambayo ni bure. Nakwambia ile tovuti ilikuwa inafunguka kabla hujatoa kidole. Lakini sheria zao wenyewe zinasema sio sehemu ya kuendeshea duka, na tatizo kubwa zaidi, ni mimi tu niliyeweza kuigusa. Nilipougua wiki mbili hakuna aliyeweza kubadilisha hata namba ya simu. Hapo ndo kichwa kilifunguka, nikaacha kuuliza ipi nzuri nikaanza kuuliza nani ataibadilisha, kwa kifaa gani, na mara ngapi kwa mwezi.

Nikachukua karatasi. Upande mmoja nikaandika vitu visivyobadilika: sisi ni nani, tuko wapi, tunatumia mbao gani, oda inaendaje, advansi ni kiasi gani, usafiri mikoani unakuwaje. Upande wa pili vinavyobadilika kila wiki: kitanda kipya, sofa iliyouzwa, bei. Kumbe ni kazi mbili tofauti, na mimi muda wote nilikuwa naziweka kwenye chombo kimoja.

Kwahiyo sasa hivi visivyobadilika vyote viko Google Sites, chombo cha Google cha kutengenezea tovuti. Ni bure, unatumia akaunti ile ile ya Gmail, hakuna tangazo, kurasa zinajipanga zenyewe kwenye simu, hakuna apdeti yoyote ya kufanya, na naweza kumpa mdogo wangu ruhusa ya kuhariri kama unavyoshea faili. Ramani unaiweka kwa kubofya mara mbili tatu. Bila domeini anuani yake ni ndefu inaanza na sites.google.com, ila unaweza kuweka jina lako. Ukienda kwa msajili wako kwenye sehemu ya DNS, ile inayosema jina lako liende kwenye banda lipi, unaongeza mstari unaoitwa rekodi ya CNAME, www unaielekeza ghs.googlehosted.com, halafu unathibitisha kwa Google kwamba jina ni lako. Usiogope hayo maneno, mhudumu wa msajili wetu alinifanyia kwa simu bila hela ya ziada, ukisubiri masaa kadhaa inakubali.

Vinavyobadilika viko kwenye katalogi, yaani orodha ya bidhaa, ya WhatsApp Business, ile WhatsApp ya biashara. Hii ndo baba anaimudu! Anapiga picha kitanda kimeisha, anaandika futi 6 kwa 6, mninga, anaweka, basi. Katalogi inabeba mpaka bidhaa 500, sisi hatujafika hata 60. Kwenye tovuti kila ukurasa una batani inayompeleka mteja WhatsApp moja kwa moja, linki yake inaandikwa wa.me/ halafu 255 na namba yako bila sifuri ya mbele na bila alama ya kujumlisha, hapo wengi wanakosea wanaiandika na ile sifuri linki inakufa. Mwishoni unaweza kuongeza ?text= na maneno, nafasi kati ya maneno unaandika %20, kwahiyo mteja akibofya kwenye ukurasa wa makabati meseji inakuja tayari imeandikwa naomba bei ya kabati, mimi najua ametoka wapi.

Tatu tukajiandikisha kwenye Google Maps kama biashara, nayo bure. Ila usitegemee hiyo peke yake, zamani Google walikuwa wanakupa na kitovuti kidogo humo humo, wakazifunga zote Machi 2024. Domeini yako ndo inakuokoa siku kama hiyo.

Mapungufu ya Google Sites yapo. Miundo ni michache, huwezi kuongeza plagini, huna duka wala malipo, na kuihariri unahitaji kompyuta, mimi sijaona raha ya kufanya hivyo kwa simu. Mtu anayependa urembo ataona imekaa kawaida sana. Kwangu mimi naipa nane kwa kumi, kwa karakana tu, sio kwa duka kubwa.

Ukurasa unaosomwa kuliko yote sikuutegemea, ni ule wa mbao. Baba alikaa na mimi jioni mbili ananieleza naandika: mninga ukishakauka vizuri hauchezi ndo maana kitanda hakilii, mkongo ni mgumu na mzito unafaa milango ya nje, mtiki, ule wengine wanaita msaji, hauogopi maji kirahisi, paini ni nafuu lakini usiuziwe kwa bei ya mninga kwasababu imepigwa rangi. Tukaweka na picha ya kila ubao ukiwa haujapigwa vanishi na ukiwa umepigwa. Mama mmoja wa Dodoma aliagiza meza ya watu nane bila kukanyaga Keko, alichosema kwenye simu ni kwamba nyie mnaeleza mbao, wengine wananitumia picha tu.

Kitu ambacho bado hatujakubaliana nyumbani ni bei. Mimi nataka ziandikwe, hata ile ya kuanzia tu, maana nusu ya meseji ninazopokea ni bei gani, na mtu akijibiwa baada ya saa moja ameshaenda. Baba anasema mbao zinapanda kila mara, akiandika leo kesho anaonekana mwongo. Kwa sasa tumeandika bei kwenye stuli na meza ndogo peke yake, tunaangalia mpaka mwisho wa mwezi, nikipata majibu nitaongezea hapa.