Wikendi Mombasa bila kukanyaga ufukweni: uzoefu wangu

Ukitaja Mombasa, watu wengi wanawaza Diani au Nyali: mchanga mweupe, kiti cha kujilaza na dafu mkononi. Sina ugomvi na mchanga. Lakini kama muda ulio nao ni Ijumaa jioni hadi Jumapili, baki kisiwani. Ukienda Diani utavuka Likoni kwa feri au uzungukie barabara ya Dongo Kundu, na ukienda Nyali utapambana na foleni ya darajani. Piga hesabu ya kwenda na kurudi uone siku inavyoliwa na gari. Kisiwa kinamalizika kwa miguu na tuktuk, na mambo ya kuona huyamalizi.

Nilikwenda kwa treni ya SGR kutoka Nairobi, ile ya saa tisa alasiri. Tiketi nilikata kwa simu kupitia *639# na kulipia M-Pesa, shilingi 1,500 daraja la kawaida, nauli iliyoanza Januari 2024. Fika stesheni ya Nairobi, iliyoko Syokimau, saa nzima kabla, na hili silisemi kwa kujaza ukurasa. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, wenyewe mnasogezwa kando, mbwa wa polisi anapita akinusa begi baada ya begi, kisha ndiyo mnaingia kwenye foleni ya mashine. Ukifika dakika za mwisho utaisikia treni ikiondoka nawe ungali unafungua mkanda. Safari yenyewe ni tulivu, kama saa tano hivi, na Tsavo mnaipita jua likielekea kuzama, wakati mzuri wa kuona tembo ukiwa na bahati. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, bara, si kisiwani. Panga usafiri wa kukufikisha mjini kabla hujashuka, maana nje ya lango utavutwa na watu kumi kwa wakati mmoja.

Malazi ndipo penye malalamiko yangu. Nilichukua chumba Mji wa Kale, nyumba ya zamani yenye ngazi za mbao na paa la kukalia jioni. Picha walizoweka zilionyesha bahari. Dirisha langu lilionyesha ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ningeweza kumwazima chumvi. Na chumvi nisingeihitaji, kwa sababu maji ya bafuni yalikuwa ya kisima na sabuni ilikataa kabisa kutoa povu. Sitawataja jina, kwani mapokezi yao yalikuwa mazuri na kitanda kilikuwa safi. Ila wewe kabla hujalipa, uliza mambo mawili: dirisha linatazama wapi, na maji ni ya mfereji au ya kisima. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala mtaani hapa, na mimi niliipenda, kwa sababu iliniamsha kabla ya joto.

Joto ndilo linalopanga siku Mombasa. Mwenye kutembea mjini saa saba mchana ni mgeni au ana deni la kudai. Kwa hiyo Fort Jesus niliiwahi asubuhi, saa mbili inapofunguliwa, kabla mabasi ya wanafunzi hayajafika. Beba kitambulisho, maana raia halipi sawa na mgeni wa ng'ambo.

Hapa ndipo ningekuomba usiwe na haraka. Wareno waliijenga ngome hii kati ya 1593 na 1596, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2011. Hayo yote utayasoma ukutani. Ambayo hutayapata bila mtu wa kukusimulia ni jinsi ilivyopokonywa mikononi mwa huyu na yule. Mwongozaji wangu alinisimamisha uani akanieleza habari za Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme aliyelelewa na Wareno huko Goa, akabatizwa, akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao, na mwaka 1631 akawageuka, akamuua kapteni na kuitwaa ngome. Kisha akanipeleka juu ya ukuta kunionyesha maji ambamo meli ya Santo António de Tanna ilizama mwaka 1697, wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Kuzingirwa huko kulianza Machi 1696 na hakukuisha hadi Desemba 1698. Vyombo vilivyoopolewa kwenye meli hiyo vimo makumbushoni humo humo. Ukitoka ukutani nenda ukavitazame moja kwa moja, habari ikiwa bado mbichi kichwani.

Kitu nilichokitazama zaidi, hata hivyo, ni kipande cha ukuta chenye michoro ya mabaharia wa Kireno: meli, samaki, watu, imechorwa kwa mkaa na rangi nyekundu. Michoro yenyewe si ya fundi. Meli moja ina milingoti mingi kuliko inavyostahili. Unamwona kabisa askari aliyechoshwa na zamu, hana barua ya nyumbani, ameokota mkaa. Baada ya Wareno na Waomani, Waingereza waliigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958.

Kuhusu waongozaji: langoni utazungukwa. Chagua mwenye beji, na mkubaliane bei mngali kivulini, iwe bei ya ngome pekee au ngome na Mji wa Kale pamoja. Wangu alistahili kila shilingi. Aliyenifuata kwanza, asiye na beji, alitaka kuniingiza dukani kwa “binamu yake” kabla hata hatujasalimiana vizuri.

Mchana nililala. Ndiyo, nilisafiri mwendo wa saa tano nikaenda kulala, na ningefanya hivyo tena.

Mji wa Kale ni wa alasiri, maduka yakifunguliwa tena na vichochoro vikiwa na kivuli. Pita Ndia Kuu taratibu ukitazama juu: roshani za mbao zenye nakshi, ambapo waliomo ndani wanaiona barabara bila kuonwa. Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kujengwa 1570, utautambua kwa mnara wake mnene chini, mwembamba juu. Vaa nguo ya heshima, na usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa. Salamu inafungua mengi. Nilimwamkia mzee mmoja barazani, “Shikamoo mzee,” akaitika, “Marahaba mwanangu, keti upoe.” Kabla sijajibu, mwenye dele la kahawa alikuwa ameshaitwa. Kahawa tungu, kikombe kidogo kisicho na mkono, kashata pembeni. Nilielekezwa hapo hapo pa kula viazi karai kwa chatne ya ukwaju, na maelekezo ya mzee yalishinda ramani ya simu, ambayo ndani ya vichochoro hivyo inababaika.

Jioni wenyeji wanakwenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari ambayo wengi bado wanaiita Lighthouse. Nunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tafuta nafasi chini ya mbuyu, usubiri. Meli ya makontena inayoingia bandari ya Kilindini inapita kwenye mlango wa bahari hapo mbele yako, karibu mno, ghorofa kwa ghorofa, tagiboti zikiibana. Watoto wanaipungia mikono. Hakuna kiingilio, na kwangu hili liliishinda ngome kwa unywele mmoja.

Mambo machache ya kupanga. Aprili na Mei mvua hunyesha kweli, na vichochoro havina pa kujibanza. Juni hadi Septemba, upepo wa kusi ukivuma, joto linavumilika. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa kwa sala. Ramadhani usitegemee chakula cha mchana Mji wa Kale, lakini baada ya futari mtaa unachangamka hadi usiku wa manane, na binafsi ningeuchagua mwezi huo kuliko Desemba, ambapo tiketi za treni huisha mapema na bei za vyumba hupaa.

Ngome na mwongozaji nawapa nyota tano, treni nne. Chumba kinapata mbili, na moja kati ya hizo ni ya paa. Ya kurudi Jumapili ikatie tiketi siku ile ile unapokata ya kwenda.