Tathmini ya O.S. 46AX II: Injini ya Ndege ya Kasi kwa Anga la Nairobi

Anayeishi Nairobi na kutafuta injini ya ndege ya mfano ya rimoti iendayo kasi hukabiliwa na jambo ambalo maboksi ya watengenezaji hayaligusii hata kidogo: jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Kwa sababu hiyo, ninapoitathmini O.S. 46AX II, injini ya methanoli ya mipigo miwili ambayo nimeitumia kwenye ndege ya muundo wa Quickie 500, daraja la ndege ndogo za mbio, sitaanza na nguvu zake bali na hewa inayovuta. Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa mtu anayetoka kwenye ndege ya mafunzo na kutaka kasi ya kweli, bila kuingia katika gharama na usumbufu wa injini za mashindano, hii ndiyo ningemshauri anunue, mradi akubali kuichagulia propela na mafuta kwa kuzingatia mahali tulipo.

Siku yenye joto la nyuzi 25, uzito wa hewa ya Nairobi huwa pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hewa ya kawaida ya usawa wa bahari. Injini huvuta ujazo uleule wa hewa katika kila mzunguko, lakini oksijeni iliyomo ni kidogo, kwa hiyo zile nguvu farasi 1.65 ambazo karatasi ya 46AX II inazitaja kwa mizunguko 16,000 kwa dakika huwa kama 1.3 tu huku kwetu. Kinachowapotosha wengi ni takometa, kile kifaa cha kupimia mizunguko. Propela nayo inaikata hewa hiyohiyo nyepesi, hivyo mzigo wake hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na upungufu wa nguvu, na mizunguko husomeka karibu sawa na ile ambayo ingesomeka Mombasa. Mwenye injini huiangalia namba, akaridhika kwamba hakuna kilichopotea, kumbe msukumo unaoivuta ndege mbele umeshapungua kwa moja ya tano.

Ukinzani wa hewa dhidi ya ndege nao hupungua, kwa hiyo kasi ya juu kabisa, ndege ikiwa imenyooka angani, haiathiriki sana. Panapouma ni wakati wa kuondoka ardhini, kupanda na kutua. Ndege inayotua Mombasa kwa kilomita 50 kwa saa itahitaji takriban kilomita 55 kwa saa ikitua Nairobi, kwa sababu bawa linahitaji mwendo zaidi ili lipate kuubeba uzito uleule, na kipande cha nyasi ambacho kingetosha pwani huku huonekana kifupi ghafla. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza injini ina nguvu kiasi gani, mimi huuliza ina uzito kiasi gani. 46AX II ina takriban gramu 489 pamoja na sailensa yake, na hilo ni sifa kubwa kwa ndege inayotakiwa kubaki karibu na kilo 1.7 ikiwa imekamilika.

O.S. ni kampuni ya Osaka, Japani, iliyoanza kutengeneza injini ndogo mwaka 1936, na ukongwe huo unaonekana mtu anapoifungua injini hii. Silinda yake ina upana wa milimita 22 na pistoni husafiri milimita 19.6, jumla ya ujazo ikiwa sentimita za ujazo 7.45. Pistoni ni ya aloi ya alumini isiyo na ringi, nayo huteleza ndani ya silivu, yaani mrija wa ndani wa silinda, ya shaba nyeupe iliyopakwa nikeli. Tundu la silivu hiyo limechongwa likiwa jembamba kidogo upande wa juu, ili injini ikishapata moto na shaba kutanuka, pistoni ipate nafasi yake kamili. Asubuhi ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa bado haijaondoka, mtu akiizungusha propela kwa mkono huhisi pistoni ikikwama inapofika kileleni, na husikia mlio mwembamba wa kukwaruza. Wapo wanaodhani injini ni mbovu. Sivyo: huo ndio ukazaji unaoipa mgandamizo mzuri ikishapata joto. Lakini kuilazimisha ikiwa baridi, hasa kwa stata ya umeme, ni kuimaliza kabla ya wakati wake. Naipasha moto kichwa cha silinda kwa kikausha nywele kinachochomekwa kwenye gari hadi mkono uhisi uvuguvugu, ndipo ninapoiwasha.

Kabureta ndiyo sehemu inayonipendeza kuliko zote, kwa sababu sindano yake, ile inayopima mafuta yanayoingia, huitikia kila ninapoigusa na haihamihami ndege ikiwa angani. Hata hivyo, mpangilio wa kiwandani si wa Nairobi. Katika hewa nyepesi, mafuta yanayopita kwenye sindano iliyo wazi kwa kiasi kilekile huwa mengi mno kwa hewa iliyopo, injini ikatoa moshi mzito na kukohoa, na mtu akaanza kuilaumu plagi inayowasha mafuta. Dawa ni kuifunga sindano taratibu, kidogokidogo, hadi sauti ikaze, kisha kuirudisha nyuma kidogo ili mafuta yasipungue mno ndege ikielekea juu. Anayesafiri na ndege yake kwenda pwani akumbuke kinyume chake: sindano iliyopangwa Nairobi itaipa injini mafuta machache mno kule Mombasa, nayo inaweza kuungua pistoni katika mruko wa kwanza. Aifungue kabla hajawasha.

Sasa propela, ambayo kwa maoni yangu huamua kasi kuliko injini yenyewe. Propela husomwa kwa inchi mbili: kipenyo chake, yaani urefu kutoka ncha hadi ncha, na pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa kitu kigumu. Propela ya 11 kwa 5, inayopendwa kwenye ndege za mafunzo, ikizunguka mara 13,000 kwa dakika haiwezi kuipeleka ndege zaidi ya kilomita 99 kwa saa hata kama hakuna ukinzani wowote. Ile ya 9 kwa 7 ikifika mizunguko 15,000 ina uwezo wa kinadharia wa kilomita 160 kwa saa. Injini ni ileile. Nimeona watu wakitumia pesa nyingi kununua injini kubwa zaidi ilhali kilichokuwa kikiwafunga ni kipande cha plastiki cha bei ndogo.

Hata hivyo kuna mpaka. Pichi kubwa hufanya majani ya propela yashindwe kuishika hewa ndege ikiwa bado inaanza mwendo, na kwa kuwa msukumo wetu tayari ni pungufu, ndege hukimbia ardhini mpaka uwanja unakwisha. Mimi huanza na propela ya 10 kwa 6, nikahamia 9 kwa 7 mwendeshaji akishaizoea ndege, na sioni sababu ya kwenda mbali zaidi kwa injini hii. Tena mizunguko huongezeka ndege ikiwa angani, pengine kwa sehemu moja ya kumi, kwa hiyo inayosoma 14,500 ardhini huwa karibu na 16,000 huko juu, palepale nguvu zake zinapofikia kilele. Mtengenezaji ameweka kikomo cha 17,000, na sishauri mtu akipite. Zaidi ya hayo, propela nyembamba zilizotengenezwa kwa ajili ya mota za umeme zisifungwe kamwe kwenye injini ya methanoli, kwani mtikisiko wa mipigo yake huweza kuzivunja, na jani lililokatika kwa mwendo huo humjeruhi mtu vibaya.

Mafuta ndiyo sehemu ngumu zaidi kwa mkazi wa Nairobi. Mchanganyiko unaofaa una methanoli, nitromethani kati ya asilimia 5 na 15, na mafuta ya kulainisha yasiyopungua asilimia 18, na mimi hupenda sehemu ya hayo iwe mafuta ya nyonyo, kwa sababu huendelea kulinda pistoni hata injini ikipata joto kupita kiasi. Nitromethani ina oksijeni yake yenyewe ndani, na kwa hiyo hurudisha kiasi fulani cha kile ambacho mwinuko wetu umekinyang'anya. Ningetumia asilimia 15 Nairobi mahali ambapo mtu wa pwani angeridhika na 5. Shida ni kwamba mafuta haya hushika moto kwa urahisi na huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari, hivyo kuyaagiza kwa ndege kama kifurushi cha kawaida hakuwezekani. Wengi hununua methanoli kwa wauzaji wa kemikali na kuchanganya wenyewe. Hapa nawasihi kwa moyo wote: methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na Nairobi inalijua hilo, kwani mwaka 2000 pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya mia moja katika mitaa ya Mukuru. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji, na isikae mahali mtoto anapofika.

Kuhusu njia nyingine, injini za petroli naziweka kando, maana ni nzito kwa ndege ya ukubwa huu. O.S. 55AX hukaa kwenye mabano yaleyale ya 46AX na huziba sehemu ya pengo la mwinuko, lakini hunywa zaidi, na tangi linalohitajika huongeza uzito puani. Injini halisi za mashindano, kama zile za F3D, daraja la mbio za kimataifa, zenye ujazo wa sentimita za ujazo 6.6, huzunguka zaidi ya mara 25,000 kwa dakika zikiwa na bomba la moshi lililopimwa urefu wake kwa uangalifu, nazo zinahitaji mikono iliyozoea na viwanja ambavyo hapa si rahisi kuvipata. Mshindani wa kweli ni mota ya umeme isiyo na brashi. Haivuti hewa ili iwake, kwa hiyo mwinuko hauipunguzii nguvu. Propela ikipata mzigo mwepesi, mota huzunguka upesi zaidi na kula umeme kidogo, na mtu anaweza kuongeza ukubwa wa propela kidogo bila kuivuka mipaka ya kidhibiti mwendo. Kwa kasi tupu, tena kwa Nairobi, umeme unashinda, na nisingekuwa mkweli kama ningeficha hilo. Ninayoikosa huko ni ile hali ya kujaza tangi na kuruka tena papo hapo badala ya kusubiri betri zichajiwe, na sauti ambayo humwambia mwendeshaji hali ya injini hata ndege ikiwa mbali.

Udhaifu wa 46AX II uko katika mambo mawili. Sailensa yake imetengenezwa kwa ajili ya utulivu na matumizi ya kawaida, si kwa ajili ya kasi, na ndiyo inayoizuia injini kupumua inavyoweza. Pili, kama injini nyingine za aina hii, haina chujio la hewa, na vumbi jekundu la viunga vya Nairobi wakati wa kiangazi hugeuka msasa ndani ya silivu. Naiwasha juu ya turubai au nyasi, kamwe si juu ya udongo mtupu. Mwisho wa siku tangi humwagwa, injini huachwa ichome mafuta yaliyobaki, kisha hutiwa matone ya mafuta laini na kuzungushwa kwa mkono, kwa sababu methanoli hunyonya unyevu na mabaki ya nitromethani huleta kutu kwenye beringi, hasa msimu wa mvua za masika.

Wanaonunua iliyotumika, na wengi wetu hulazimika, waondoe kwanza plagi, washike ekseli ya mbele kwa vidole viwili na kuizungusha polepole. Mkwaruzo kama wa mchanga ni beringi zilizoliwa, na hilo si tatizo kubwa: fundi mwangalifu huzipima na kutafuta za kipimo hichohicho katika maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kisha plagi irudishwe, na pistoni isukumwe hadi karibu na kilele injini ikiwa baridi. Ikipita pale bila kukaza hata kidogo, silivu na pistoni zimekwisha, na kuagiza jozi mpya pamoja na ushuru wake huweza kukaribia bei ya injini nzima. Hiyo mwachie muuzaji.